Plasta Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeipa sauti.
Pampu yenyewe ni ya wengine:
mota ni ya Greivin, betri ni ya kina Marielos wa ghorofa ya pili,
kioo kinachohesabu matone kililetwa na wageni
waliokuja na mabegi ya magurudumu, wakaondoka Ijumaa.
Kengele ni yangu. Milio mitatu, ti-ti-tii,
miezi kumi na minne ya ujana wangu
katika chumba chenye kuta za sponji
ambamo ukikohoa, kikohozi hakirudi kukwambia kitu.

Mama yangu huko Turrialba huwaambia majirani
binti yake anatengeneza mashine za kuponya watu.
Simkatizi. Nitamwambiaje
kwamba natengeneza kelele?

Wakanituma Cartago, zamu tatu za usiku,
na daftari, na saa ya kupimia,
na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani.
Kaa pembeni, walisema. Tazama. Usiguse.

Wodi ya wanaume, pampu kumi na saba.
Nilihesabu, nikarudia kuhesabu:
kumi na moja zimezibwa mdomo.
Plasta, ile ile ya kushikizia sindano,
imekatwa mraba kwa mkasi, kwa utulivu,
ikabandikwa juu ya vitundu nilivyovichora mimi.

Fomu ilikuwa na kisanduku chake tayari:
*Kosa la mtumiaji.*
Kalamu ikaenda yenyewe.

Nesi Hannia hakuona haya.
Aliipigapiga pampu kama mgongo wa mtoto anayecheua.
"Hii yako, mgonjwa akikunja kiwiko, inalia.
Dawa ikiisha, inalia.
Mtu akiwa anakata roho, inalia vilevile.
Mbwa anayebwekea kila jani,
siku ya mwizi nani atafungua dirisha?
Nina wagonjwa ishirini na wawili na masikio mawili.
Wewe una wangapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Desibeli sitini na tano,
kwa umbali wa mita moja, kama kiwango kinavyotaka.
Nikalimeza pamoja na kahawa iliyopoa.

Saa tisa usiku. Mvua ya huko haipigi paa, inalikwangua.
Kitanda cha kumi na nne, don Eladio,
aliyeendesha malori ya viazi miaka arobaini:
ti-ti-tii, chini ya plasta,
kama mtu anayeita akiwa ndani ya gunia.
Hakuna aliyegeuka. Mimi niliisikia.
Ningeisikia hata chini ya maji.
Nikaruka, kiti kikaanguka, daftari likaanguka,

na nilipofika, Hannia alikuwa ameshafika.
Mrija umebanwa; ukucha wake unagonga, unagonga,
na kiputo cha hewa kinapanda taratibu
kama kisichojua kimesababisha nini.

"Umeisikia kengele," nikasema.
Nilisema, sikuuliza. Fahari ya kijinga.

"Kengele gani? Nimesikia mota imenyamaza.
Inanguruma kidogo, hujui wewe? Mmmm.
Usiku kucha ziko kumi na saba, zinanguruma,
nami naandika, nakunja mashuka, nasali.
Moja ikinyamaza, nashtuka."

Mota.
Ya Greivin.
Ambayo miaka miwili sasa tunahangaika kuinyamazisha.

Nilifuta alama kwenye kisanduku.
Nikaweka nyingine penye *Mengineyo*,
palipoachwa mistari miwili tu;
nikaandika pembezoni, nikaligeuza karatasi,
nikaandika mgongoni, juu ya nembo ya kampuni.
Don Eladio alifumbua jicho moja,
akauliza kama kumekucha, akalala kabla sijamjibu.

Jumatatu niliingia na pampu kwenye chumba cha sponji.
Sikuwasha kengele. Nilifumba macho tu:
mmmm, kama friji ya jirani,
kama mtu anayefikiri kabla ya kusema.
Mlango ukafunguliwa. Greivin, uso wote meno,
ameinua boksi dogo juu ya kichwa:
"Mpya hii! Kimya kabisa! Huwezi kujua kama iko hai!"

"Keti kwanza," nikamwambia.
"Iweke chini. Keti."