Daftari la Kurasa Themanini

Daktari wa Bombo alinipima presha,
akaandika karatasi, akaichana, akasema:
"Mama, dawa sikupi. Katembee. Kaongee na watu."
Nilipanga foleni tangu alfajiri
kuja kuambiwa jambo ambalo hata muuza bajia
wa Barabara ya Kumi na Mbili angeniambia bure,
na bajia moja juu.

Lakini mimi ni karani. Miaka thelathini na moja
nimehesabu marobota ya mkonge wa watu wengine.
Nikiambiwa neno, naliandikia.
Nikanunua daftari pale Mgandini,
nikalipiga mstari katikati:
kushoto yaliyoingia, kulia yaliyotoka.

Jumatatu. Yaliyoingia: nimekunywa chai nimekaa.
Si kwa kusimama jikoni kama mtu anayengoja basi.
Nimekaa, kwenye kiti, kikombe na sahani yake,
kipande cha mkate wa kumimina.
Yaliyotoka: nusu saa. Sikuijutia.

Jumanne nimeitoa uani baiskeli ya marehemu Chande.
Kutu mpaka kwenye kengele.
Fundi akauliza, "Ya kuuza?"
Nikasema, ya kupanda. Akanitazama magoti.
Sasa kila asubuhi nashuka nayo mpaka Raskazone,
polepole, watoto wa shule wananipita wakinipigia kengele
nami nawajibu kwa yangu: kri, kri,
kengele ya mtu anayechelewa kwa hiari yake.

Alhamisi ni ya dada yangu Mwanamkuu, Korogwe.
Nampigia simu, halafu nanyamaza.
Hilo ndilo zoezi lenyewe, kunyamaza.
Anieleze ya mbuzi, ya mkwe, ya mbuzi tena.
Zamani nilikuwa namkata maneno nimpe ushauri.
Ushauri nimeuandika kulia. Umetoka, basi.

Zipo kurasa tupu, sizifichi.
Masika yalipoanza sikuinuka siku tisa.
Mvua juu ya bati, shuka juu ya kichwa,
mchicha wangu kwenye kopo la rangi ukajinywea wenyewe.
Siku ya kumi nikaandika: nimeoga.
Neno moja.
Nikalitazama kama mshahara.

Na jambo moja niliandika kwa penseli,
maana sikuliamini.
Jirani yangu Bi Shufaa, ukuta kwa ukuta,
hatusemeshani tangu ugomvi wa mfereji wa maji machafu,
mwaka ambao hata mfereji wenyewe umeusahau.
Nikajipa kazi: kumsalimu kila nikitoka,
aitikie, asiitikie.
"Umeamkaje, Bi Shufaa?"
Ufagio wake ukajibu: fya, fya.
Siku ya pili, ufagio.
Siku ya ishirini, ufagio.
Nikamwekea alama ile niliyokuwa nikiliwekea robota lililolowa:
halijakataliwa, halijapokelewa.

Juzi goti lilinishika. Nikatoka jua limeshapanda,
baiskeli naikokota kwa mkono.
Kabla sijafungua mdomo, yeye, kaegemea ufagio:
"Leo umechelewa."

Hakuongeza. Aliinama akaendelea na vumbi lake.
Nikasimama pale njiani
nikitafuta kichwani pa kuliandika.
Si salamu ile. Si samahani.
Lakini mtu humwambii umechelewa
kama hukuwa unamngoja.

Jioni nikaifuta penseli, nikakoleza kwa wino.
Hesabu yangu haifungi, na msimamizi wangu wa zamani
angenirudishia daftari hili usoni.
Ana haki.
Kesho nitamuuliza Bi Shufaa
ule ufagio aliununua wapi.