Daktari wa Dakika Mbili

Miaka thelathini na minane, Hisamatsu Genzo
hakuwahi kupendwa na msichana hata mmoja
mbele ya kamera.
Alikuwa karani, polisi wa zamu, muuza tambi,
maiti mara tisa (mmoja alipiga chafya, wakarudia),
na daktari. Daktari, daktari, daktari:
anavua miwani, anasema, "Tumejitahidi,"
anatoka kwa mlango wa kushoto.

Mama alikuwa akiwaita majirani wetu wa Nerima,
"Njooni, anakuja!"
na kabla chai haijamiminwa
keshapita.

Machi hii, hospitalini, daktari wa kweli,
kijana, kola imemkaba,
aliisoma karatasi mbiombio kama mtu anayedaiwa.
Baba akamsikiliza hadi mwisho.
Kisha: "Mwanangu, umeharakisha mno.
Vua miwani kwanza. Hesabu mpaka tatu.
Mwache mgonjwa aione mikono yako."

Kijana akavua miwani.
Moja. Mbili.
Nje treni ikapita, vioo vikatetemeka,
na baba, ambaye hakuwahi kupewa
nafasi ya yule anayeambiwa,
akasahau maneno yake.