Nafasi ya Tarehe

"Hapa, mama. Na hapa."
Feni ilipeperusha makaratasi,
karani akayakandamiza kwa kikombe cha chai.
Hoza alikuwa amepiga pasi shati mpaka mikunjo ikasimama;
kazi ya kukusanya ushuru haitolewi bila mdhamini,
na katika ukoo wa wapangaji
mimi ndiye mwenye nyumba:
vyumba sita, barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
nilivyovijenga kwa sare za shule
na cherehani ya kukanyaga.
Wino wa kidole ulitoka siku ya tatu, kwa ndimu.

Miaka minne Hoza alipita sokoni na kitabu cha stakabadhi.
Wauza muhogo walimpa, wauza machungwa ya Muheza walimpa.
Fedha zikaenda zilikokwenda.
Milioni kumi na nane na ushei, walisema wakaguzi,
na barua ikaja kwangu:
uliyesema utalipa, lipa.

Wakili wangu, Bi Shemhilu, aliisoma dhamana
kama mtu anayechambua mchele.
Akakuta chuya. Akacheka peke yake.
"Haina tarehe. Wala shahidi hakusaini."
Mbele ya hakimu wakavutana mchana kutwa.
Yule wa halmashauri: mtoto asiye na cheti, mheshimiwa,
si kwamba hakuzaliwa.
Huyu wangu: karatasi haisemi ilianza lini,
basi haikuanza.
Hakimu akavua miwani.
Batili.

Watu wakanipa mkono. Nikarudi kwa njia ya sokoni.
Choo walichoahidiwa kwa ushuru ule
bado ni shimo na mabati manne.
Mwanahawa wa muhogo alinisalimu vizuri tu,
akanifungia mafungu mawili, akakataa hela yangu.
Hapo ndipo nilipoumia.
Hati imenisamehe.
Kidole nakitazama: kina mistari yake yote.

Jana mamake Hoza kabisha hodi.
Mwanawe yuko rumande, Maweni;
dhamana iko wazi, wa kumdhamini hayupo.
Hakulia. Aliiweka fomu juu ya cherehani,
juu ya sketi ya mtoto wa watu isiyo na pindo,
akatazama ukuta.
Nikatafuta methali ya kumfukuzia,
zikanikimbia zote.

Nikaisoma fomu, mstari kwa mstari, mpaka nyuma.
Kisha nikaomba kalamu,
nikaanza na tarehe.