Rula

Rula yangu ni ya mbao, mita moja na kipande,
ina alama mbili nilizozichora kwa rangi ya kucha ya mdogo wangu:
hamsini; themanini na tano.
Chini ya hiyo ya kwanza ni mtoto, mrudishe.
Kupita hiyo ya pili ni mzazi, mrudishe.
Ndivyo sheria inavyosema, na inasema vizuri,
ila haijasema
aliyekwisha kufa wavuni usiku kucha
arudishwe wapi.

Kayenze, saa kumi na mbili na nusu.
Injini zinazimwa moja moja,
magugu maji, nayo mageni, yamesogea hadi jiwe la kufulia,
na korongo wamepanga foleni mbele ya wanunuzi.
Mimi ni Nkwimba, karani wa ulinzi wa mwalo.
Posho yangu ni soda, na lawama.

Lugwisha anamburuta wake kwa matamvua.
Namlaza. Themanini na saba.
"Dada, pumua kidogo, na rula nayo ipumue."
Mwalo mzima unacheka.
"Fundi cherehani hupunguza, wewe mbona hupunguzi?"
Nacheka pia. Kalamu haicheki.
Ngolo, kule nyuma ya mzani, ana kisu kifupi kama ulimi;
kabla sijageuza ukurasa bondo limetoka,
jeupe, laini, limeshaingia mfukoni mwa koti,
na samaki amebaki na uso
wa mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Bibi Holo hakumwita sangara kwa jina.
Alisema "yule".
Yule aliletwa kwa ndoo; wengine husema kwa pipa;
hakuna aliyetunza risiti.
Waliomleta walitaka samaki wa kushindana na ndoana,
mkubwa, wa kupigwa naye picha.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu, ya tatu, tulimpa ziwa.
Akala furu. Akala ningu, domodomo, ngege,
akala majina ambayo bibi aliyahesabu kwa vidole vya mikono
kisha akahamia vya miguu.
Alipowamaliza akawageukia wanawe.
Halafu, na hili bibi hakupenda kulisikia,
akanisomesha.
Ada ya kidato cha kwanza: sangara wanne.
Sare: nusu sangara, upande wa mkia.

Kwa hiyo nikishika rula sijui namlinda nani.
Namlinda mla wenzake asiishe,
maana akiisha yeye
mwalo huu utabaki wa kufulia nguo.
Anayeona kazi hii rahisi
aje ashike kichwa, mimi nitashika mkia.

Saa mbili walileta wa tisini na moja,
wa ndoana, tumbo limejaa mayai.
Nilipompanua kinywa
ndani kabisa, nyuma ya ulimi,
furu.
Mzima. Ubavu wa buluu, pezi jekundu kama ncha ya kiberiti,
akipapatika kwa hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini.
Bibi alikufa akiamini wa namna hii wamekwisha.

Sijui kwa nini nilimlaza kwenye rula kwanza.
Mazoea.
Saba.
Mbali na alama zangu zote mbili,
huko ambako mbao haijapakwa rangi yoyote.
Nikamchota kwa kikombe cha chai,
nikayavuka magugu, maji yakanifika magotini,
nikakiinamisha.
Alikaa palepale, kwenye kivuli cha kikombe,
kama anayesubiri stakabadhi.
Kisha hayupo.

Nyuma yangu mtu aliuliza:
"Na huyo naye ni wa kurudishwa?"

Daftarini niliandika: furu, mmoja, saba.
Safu ya uamuzi nimeiacha wazi.
Nilipoinua kichwa,
yule wa themanini na saba alikuwa amekwishauzwa.