Unga wa Jiwe

Watalii huupita ukuta huu wakikimbilia nguzo.
Bakhiti, mlinzi wa zamu ya alfajiri,
huanzia hapa, nyuma ya hekalu, upande wa magharibi,
penye mifuo iliyochimbika kwenye jiwe,
umbo la kokwa ya tende, urefu wa kidole.
"Tia," anasema. Nikatia.
Kikaingia hadi fundo la pili.

Mfalme aliyejenga aliandika jina lake
mara mia sita, kwa patasi, kina cha wanda,
lisifutike.
Aliyemrithi alilifuta.
Akachonga lake palepale, mbiombio,
hata leo mkia wa nyoka wa jina la kwanza
unachungulia chini ya kifaranga cha kware cha jina la pili.

Makuhani walimwandalia mungu mikate.
Mungu alishiba harufu, wao wakashiba mikate.
Wakaja waimba Zaburi na nyundo zao,
wakamvunja uso mungu mke mwenye masikio ya ng'ombe.
Mmoja alichoka. Sikio la kushoto lipo.

Kisha mchanga,
usiouliza mtu dini yake.
Ulipofika darini watu wakajenga juu:
vyumba vya udongo, zizi, tanuri la Sitti Zannuba,
mbuzi akizalia utosini mwa mfalme.
Aliye juu mngoje chini, husema wahenga.
Huyu alingojewa juu.

Wachimbaji walipokuja, babu yake Bakhiti
alikuwa mtoto, amebeba kuku kwapani.
Walilipwa riyali tatu kwa nyumba
na kiwanja kando ya mfereji, penye mbu.
Darini bado pana duara jeusi la tanuri.
Wataalamu wamelipa namba.

"Na mifuo?" nauliza.
"Mifuo haina namba."

Ni ya wasioruhusiwa kupita lango.
Mama aliyekaukiwa maziwa,
baba mwenye mtoto anayechemka homa,
usiku, na kigae, na msumari, na ukucha.
Walikwaruza unga wa jiwe, ncha ya kidole tu,
wakaukoroga katika maji, wakanywesha.
Enzi za Amuni walikwaruza.
Enzi za Msalaba walikwaruza, tundu zilezile.
Baada ya adhana ya isha, wakakwaruza.
Majina ya wafalme yalichongwa yasomwe.
Hapa jiwe lililiwa,
chembe kwa chembe, miaka elfu mbili na ushei,
na hakuna aliyetia sahihi.

Kibao kinasema USIGUSE kwa lugha tano.
Chini yake, kimo cha goti,
mfuo mmoja una kingo mpya, manjano mabichi,
bado jua halijauchoma.

Njiani Bakhiti alinisimulia habari za mjukuu wake,
Wardani, aliyelazwa siku kumi na moja,
madaktari wakitikisa vichwa,
na sasa anaomba biskuti.

Sikuuliza.
Anafunga lango dogo, anahesabu funguo tisa.
Mmoja una meno ya manjano.
Anaufuta kwenye kanzu, taratibu,
kisha anaifuta na kanzu.