Lebo ya Chozi

Droo ya kumi na nne, chuoni Mweka,
hufunguka kwa kukwaruza
na kutoa harufu ya kafuri.
Chozi saba wamelala chali,
pamba pale palipokuwa na macho,
na kila mmoja mguuni ana lebo, imefungwa kwa uzi.

Kazi yangu ni kunakili wino
kabla haujawa madoa ya chai:
*Nectarinia*, kisha jina la pili, kisha kimo cha mlima,
mita elfu tatu mia tisa, penye lobelia, mwezi wa pili.
Jina la aliyempiga risasi lipo.
La aliyembeba kushuka naye halipo.

Padri Evodi, mstaafu wa Kibosho,
huja Alhamisi akitoka kupima sukari.
Aliinamia lebo, akaisoma kama masomo ya misa.
"Hiki si Kilatini," akasema,
"ni Kigiriki kilichoazima joho la Kilatini.
*Nek* ni kifo. *Tar* ni kukivuka.
Miungu wao walikaa mlimani,
mlima mfupi kuliko wetu," akacheka,
"wakanywa nekta, wasife,
na mishipani mwao haikupita damu.
Basi msomi mmoja akamwona ndege
kaingiza mdomo uani,
akadhani amekiona kikombe chenyewe."

Nikamuuliza: na wa kwetu, aliyemwita chozi,
yeye aliona nini?
Padri akakoroga kahawa isiyo na kitu.
"Huyo," akasema, "hakuacha kamusi."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.
Jumanne iliyofuata nilikuwa Mawenzi,
chumba cha nyuma, mbele ya droo nyingine,
nayo hufunguka kwa kukwaruza.
Dada yangu Aikaruwa,
kidoleni mwa mguu kipande cha karatasi ngumu:
*Eikarua*, kwa kalamu ya bluu.
Niliomba kalamu. Mhudumu alisita, akanipa.
Nikaikata E, nikaandika A,
nikaichomeka w mahali pake
nikapuliza wino ukauke,
polepole, kama mtu anayepooza uji wa mtoto.
Sikulia. Mkono ulikuwa kazini.

Leo nimerudi kwa yule wa saba.
Nimenakili kila kitu: kimo, mwezi, bunduki.
Chini yake, kwa penseli,
mahali pasipo na safu,
nimeandika *chozi*,
na neno limelowa kabla sijainua mkono.

Nje ya dirisha, kwenye mkungu mchanga wa mgomba,
chozi wa rangi ya shaba ananing'inia kichwa chini,
anachokonoa ua, anaruka, anarudi palepale.
Anakunywa. Sijui ni kipi anachokivuka.

Mlango unagongwa. Ni Alhamisi.
"Kumi na mbili nukta nne," Padri anasema,
hata salamu hajatoa,
"utamu umejaa damuni, mwanangu,
na daktari anasema huo ndio unaoniua."
Anavuta kiti.
Anaiona penseli. Hasemi kitu.