Njia ya Tatu

Saa kumi na mbili kasorobo
Cacém bado haijanawa uso,
nami nimo foleni tayari,
mguu kwenye breki, kahawa katikati ya mapaja,
nyuma ya gari la Zulmira wa ghorofa ya nne.
Kwenye ngazi hatusalimiani,
ila hapa taa zake nyekundu
nazijua kama kope za mwanangu.

Barabara haiendi. Sisi ndio tunaoisukuma,
kama watu wanaohamisha kabati usiku
kwenye ujia mwembamba, wakichelea kuamsha wenye nyumba.

Kushoto, kijana ananyoa ndevu kwa kioo cha kati.
Kulia, mama anasema peke yake, mikono hewani;
labda agombana na wifi, labda ajifunza kuomba kazi.
Redio inatangaza: godoro limeanguka Queluz.
Godoro!
Maelfu ya watu wenye usingizi,
na kinachowazuia ni godoro.
Nikacheka hadi kahawa ikanimwagikia.

Hermínio wangu alikuwa kwenye kikosi
kilichoongeza njia ya tatu.
Alirudi na lami kwenye kucha,
supu akiinywa kwa mkono mmoja, wa pili ukinichorea
kwa makombo ya mkate: hapa, na hapa, na hapa.
"Ikifunguliwa, Graciete, robo saa tu
uko Lisbon. Utalala hadi jua likuchome."
Ikafunguliwa. Bendi ikapiga, utepe ukakatwa,
na wiki ile, kweli, robo saa.
Nilifika kazini mapema hadi mlinzi akanishuku.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wa kale.
Wageni walikuja, maghorofa kwa maghorofa,
na mwenyeji hakupona:
alikaa nao foleni.

Sasa magoti ya Hermínio yamekwisha,
na akili yake huingia na kutoka
kama mpangaji aliyepoteza funguo.
Jioni, kabla sijavua viatu, huniuliza:
"Wameshaifungua, ile njia?"
Mwanzo nilimsahihisha. Nilimwonyesha picha gazetini.
Akalia kama mtu aliyeibiwa.
Siku hizi nasema, "Bado. Wanangoja lami ikauke."
Naye hutikisa kichwa, fundi kwa fundi:
"Wasiiharakishe."

Kwenye kilomita ya kumi na moja, ukutani, chini,
ziko herufi mbili alizochora kwa msumari
zege likiwa bichi. H na G.
Agosti, watu wakikimbilia ufukweni,
napita pale kwa kasi ya mia moja
na sioni kitu, ukuta tu.

Leo, kwa hisani ya godoro,
nimesimama mkabala nazo dakika nne nzima.
Ile G imeanza kuota ukungu.
Mbele, Zulmira amesogea mita mbili.
Nyuma wananipigia honi, kwa mita mbili!

Nimewaacha wapige.